Meza ya Posti za Mutarakwa

Ijumaa hiyo Linah Jerotich alikuwa nje ya karakana yake, kando ya barabara inayotoka Nakuru kwenda Bahati, aking'oa misumari ya senyenge kwenye posti za ua za mutarakwa, ule mwerezi wa milimani. Kazi hii haitaki haraka. Posti iliyosimama ardhini tangu wazungu waondoke huwa imeshika msumari kama ufizi ulivyoshika jino, na ukivuta kwa pupa mbao inapasuka.

Linah alijulikana kwa vitu viwili: majiko ya kuchomea nyama, aliyoyaunda kwa mapipa ya mafuta yaliyopasuliwa katikati, na fanicha za mbao kuukuu. Mbao mpya hakuzitaka. Alisema zinaanza kupinda zikisikia tu kwamba mvua imefika Menengai.

Posti hizi zililetwa na lori la Kiarie, mkulima mkubwa wa Bahati, aliyetaka meza ndefu ya kukaa kwenye nyasi za nyumbani kwake na jiko la kuikabili. Linah alizipasua akapata mbao nzito, nyekundu kwa ndani, zenye harufu ya penseli iliyotoka kuchongwa. Alizipanga zote matundu ya misumari yakielekea upande mmoja, kwa urembo tu. Vanishi ya meza ilipokauka alisukuma kikombe chake cha chai ng'ambo ya pili, akageuka kuchukua brashi. Alipogeuka tena kikombe hakikuwepo. Alitafuta chini ya meza, akatafuta kwenye vumbi la msumeno, kisha akamimina chai nyingine na kuiweka upande aliosimama. Hiyo haikwenda popote.

Kesho yake alikuja bibi kizee mmoja mwenye sweta ya kanisani, ameshika kikombe kilichooshwa. Kilikuwa kimeandikwa jina la karakana na namba ya simu, kwa hiyo hakusumbuka kufika.

"Hii ni yako," alisema. "Ilikuja jikoni kwangu na chai ndani. Hiyo chai nilikunywa."

"Hakuna shida, shosho. Sukari ilikuwa inatosha?"

"Ilikuwa kidogo."

Jina lake lilikuwa Wangui. Aliizunguka meza, akaingiza ncha ya kidole kwenye tundu moja baada ya jingine.

"Hizi posti alichimbia mzee wangu," alisema.

Alieleza bila kupandisha sauti. Alikuwa ameenda Ndabibi kukaa na binti yake aliyejifungua. Huku nyuma jirani yake, huyo Kiarie, aling'oa ua wote na kusimamisha posti za simiti karibu na ukuta wa jiko la Wangui. Shamba lake la viazi, alilokuwa nalo pekee, likawa limeingia kwa Kiarie. Asiyekuwepo na lake halipo, na Wangui hakuwepo. Naibu wa chifu alimwambia alete ushahidi wa ua huo wa zamani. Sasa ushahidi ulikuwa mbele yake, umepakwa vanishi.

"Huu upande wa matundu ndio ulikuwa unaangalia kwangu. Kitu yoyote ikiwekwa huku ni yangu," alisema. "Posti hazijui zimeletwa Nakuru."

Linah aliona maneno hayo yana maana.

"Basi nipatie meza nirudi nayo."

"Shosho, meza ni ya mwenye alileta posti. Nikikupatia, atakuja hapa na polisi." Linah aliona aibu kulisema, lakini alilisema. "Hiyo kesi nitakuja, niwaambie hii ndio ua yako. Na meza naenda kuiweka mimi mwenyewe. Unataka upande wako uangalie wapi?"

Wangui alifikiri kidogo. "Uangalie hilo jiko la kuchomea nyama."

Jumapili Kiarie alialika wageni. Mpishi alitoa mbavu za mbuzi kwenye jiko akaziweka mezani mbele yake, upande wa matundu, na mbavu zikaenda. Akaweka mutura, ile soseji ya utumbo na damu, nayo ikaenda. Wageni, waliokaa ng'ambo, walishika vijiti vya meno wakangoja. Mwishowe Sue, mke wa Kiarie, alimwambia mpishi azunguke, na nyama iliyobaki ikalika kama kawaida. Kule kwake, Wangui aliita kwaya nzima.

Kiarie alimpigia Linah simu. "Fundi, meza yako inapelekea jirani nyama."

"Posti ni zake, mzee."

"Hiyo najua," alisema Kiarie. "Basi viti zote nitaweka huku kwetu."

Hakuwa mtu wa kugombana na mbao. Tangu siku hiyo, kila Jumapili aliweka ng'ambo ya meza sahani moja: ugali, kachumbari, na ubavu usio mkubwa sana. Kanisani walilitaja jambo hilo kwenye matangazo, na pasta akasema hivyo ndivyo jirani hupendwa. Wangui alikula. Nyama ni nyama, na mahali pa kupanda viazi hakuwa napo.

Kesi ilisikizwa kwenye meza hiyohiyo, kwa kuwa wazee walitaka kuuona ushahidi. Walikaa kulikokuwa na viti. Wangui alisimama kwenye kichwa cha meza, asije akajikuta jikoni kwake kesi ikiendelea. Linah aliwaonyesha matundu. Mzee Micah alivua kofia akaiweka ng'ambo, na ilipokwenda alitikisa kichwa kukubali.

"Meza inasema ukweli," alisema naibu wa chifu.

"Sijakataa," alisema Kiarie. "Ua ilikuwa hapo. Lakini kama mimi ni mbaya kwa huyu mama, mbona anakula kwangu kila Jumapili?"

Naibu wa chifu alimgeukia Wangui. "Mathe, umekuwa ukikula?"

"Nimekuwa nikikula."

"Na hukurudisha?"

"Sahani nilirudisha."

Wazee walitazamana, wakapumua. Watu wanaokula pamoja hawana kesi, hilo linajulikana Bahati yote. Kesi ikafungwa, posti za simiti zikabaki zilipo, maombi yakafanywa, chai ikaletwa, na kila mmoja akaangalia mahali anapoweka kikombe.

Linah alimsindikiza Wangui kuchukua kofia ya Micah. Njia ilikatiza lile shamba lililokuwa la Wangui, na viazi vilikuwa vimetoa maua. Linah alikuwa na hasira. Aliikasirikia meza, na mikono yake iliyoipiga randa vizuri hivyo, hata akatoka njiani bila kujua.

"Pole pole, fundi," Wangui alimwambia, akimshika kiwiko. "Usikanyage viazi za watu."