Mwaliko wa Kulima Insha

Barua ya mdogo wangu Lwitiko ilifika Itaka mwezi wa Oktoba mwaka 1953, na mimi ndiye niliyeisoma kwa sauti. Katika nyumba yetu wasomaji tulikuwa wawili, na yule mwingine ndiye aliyeiandika; baba alijua herufi kubwa tu. Yeye alikuwa chuo kikuu, ng'ambo ya Ziwa, kijana wa kwanza wa bonde letu kufika huko. Mimi nilifika darasa la nne la misheni, nikatolewa, kwa sababu baba alisema nyumba moja haiwezi kupeleka watoto wawili, na mvulana ndiye atakayetufaa. Jina langu ni Ikupa. Hasira yangu naitaja mapema ili msije mkashtuka mkiikuta njiani.

Barua ilisema hivi. Lwitiko alikuwa ameugua malaria wiki tano. Kila mwanafunzi wa mwaka wake alitakiwa kuandika insha ndefu juu ya kilimo cha kwao, na kuikabidhi kabla ya tarehe kumi na mbili Desemba. Asiyekabidhi anarudishwa nyumbani. Yeye hakuwa ameandika hata mstari mmoja.

"Lakini msihofu," aliandika, "chuo chetu kina huduma nyingi za kumsaidia mwanafunzi." Kisha akazieleza, maskini, kwa heshima zote.

Kulikuwa na Mshauri wa Wanafunzi, aliyepatikana kila Jumanne saa nane hadi saa tisa. Lwitiko alikwenda Jumanne saa nane, akaambiwa alete barua ya Msimamizi wa Bweni. Msimamizi akasema hawezi kuandika barua mpaka aone cheti cha daktari. Daktari, mtu mwema sana, alimpima kila mahali, akaandika kwamba kijana amepona kabisa na kwa hiyo hahitaji msaada wowote. Mchungaji wa chuo alimwombea, na huyo peke yake ndiye ambaye hakutaka karatasi. Mwishowe alipelekwa Ofisi ya Ustawi, akapewa fomu ya kujazwa na mzazi mbele ya Bwana DC, kuthibitisha kwamba mwanawe ana shida. Fomu ikirudi, shauri lake litafikiriwa. Kutoka huko hadi Itaka karatasi hupanda meli, treni na malori mawili, ikiwa madaraja hayajachukuliwa na maji.

Sisi tunasema mgonjwa haulizwi uji. Kule chuoni anaulizwa, kwa maandishi, nakala tatu, na uji wenyewe unapikwa Jumanne.

Baba yetu, Mzee Kefa, alikuwa mzee wa kanisa na mkulima wa kahawa, mtu wa maneno machache. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Rudia pale pa homa."

Nikarudia.

"Kwa hiyo shamba lake limelala kwa sababu ya homa."

"Si shamba, baba. Ni insha."

"Ni kazi yake?"

"Ni kazi yake."

"Ina siku yake, ikipita imepita?"

"Ndiyo."

"Basi ni shamba," akasema. "Tutaita watu."

Hapa nieleze desturi yetu kwa wasiotujua. Mtu akiugua wakati wa kulima, majirani wanaalikwa. Kila mmoja hupewa ngwe yake, anailima, anakula, anakwenda zake. Mwenye shamba hukaa kivulini. Siku hiyo hashiki jembe hata kama amekwisha kupona, maana akilishika amewatukana walioitikia, kana kwamba kazi yao haimtoshi. Jioni majina yote husomwa, kwa kuwa akipata nguvu atarudisha siku kwa siku, shamba kwa shamba. Desturi hii imetuokoa na njaa mara nyingi na mimi siicheki. Nilijaribu tu kusema kwamba mahindi hayajali nani aliyeyapanda, lakini mwalimu wa insha huenda akajali.

"Ikupa," baba akasema, "kidole kimoja hakivunji chawa."

Likaisha hilo. Ikabaki ile fomu. Nilimsomea swali lake: mwanafunzi ana shida? Baba alichukia kuliko nilivyopata kumwona. "Mtoto mwenye baba na majirani hana shida," akasema. Akakamata kalamu, akaandika HANA kwa herufi kubwa kama za mlangoni mwa kanisa, akaenda nayo bomani Mbozi kwa miguu ikapigwe muhuri. Nadhani hakuna saini aliyoitia kwa fahari zaidi katika maisha yake.

Mwaliko ulikuwa Jumamosi, kwenye banda la mashine ya kahawa. Nilipika makande na kukoroga togwa mitungi miwili. Waliitikia watu kumi na mmoja, mimi nikiwemo, wengine wakiwa na kalamu zao wenyewe. Tulikubaliana kuandika kwa Kiswahili, Lwitiko aje ageuze kwa Kiingereza. Wasiojua kuandika walileta maneno yao, wakaandikiwa.

Mwalimu Amoni wa shule ya misheni ndiye aliyegawa ngwe, na ile nzuri, ya mwanzo, akajipa mwenyewe. Kurasa tatu alimshukuru Malkia, Gavana na mvumbuzi wa kalamu ya wino, na kilimo hakukifikia. Mzee Ezron wa baraza alipewa ngwe ya mipaka ya mashamba, akaijaza kesi yake na jirani yake, pamoja na majina ya mashahidi na mti uliong'olewa. Mama Ketrina alisimulia namna ya kupika ulezi, habari njema na za kweli, ila alizitolea mfano wa mkwe wake asiyejua kuupika. Bwana Yonasi, msaidizi wa bwana shamba, aliandika kwamba kabla ya Serikali kuleta matuta marefu ya kukinga maji, watu wa Mbozi hawakujua kulima. Aliyaandika hayo akila makande yetu.

Mimi nilipewa ngwe ya mwisho. Shambani ngwe ya mwisho ndiyo ile ya kando ya kichaka, yenye visiki, na sijawahi kuona mwanamume akigawiwa. Nilikuwa nimekwisha kuosha sufuria. Nikakaa, nikaandika kile ninachokijua kwa mgongo wangu: jinsi tunavyofyeka majani mvua zikielekea kwisha, tunavyoyafukia tukainua tuta la mviringo, tunavyopanda maharage juu yake, na mwaka wa pili tunavyolisambaza tukapanda ulezi, udongo ukiwa mweusi na laini. Kisha nikaandika juu ya matuta marefu ya Bwana Yonasi pale Nanyala, yaliyokatika kwa mvua ya kwanza na kumwaga shamba zima barabarani. Nilitaja na sababu. Yalifuata kamba ya kupimia ya Bwana Yonasi, wala hayakuukinga mteremko.

Jioni baba aliniamuru niandike majina yote kumi na moja mwishoni, kila mtu na ngwe yake. Chini akaongeza kwa mkono wake: "Mwanangu, watu wameitikia. Usishike jembe."

Sasa mfikirieni Lwitiko. Bahasha ilimfikia siku nane kabla ya tarehe. Alitujibu baadaye kwamba alipofika kwenye kesi ya Mzee Ezron alitaka kuikata, na alipofika kwa Malkia alitaka kulia. Lakini amelelewa na Mzee Kefa. Aligeuza kila neno, hakuongeza wala hakupunguza, na majina yetu kumi na moja akayaweka mwishoni kama tulivyoyatuma. Akakabidhi mapema kwa siku moja.

Majibu yalikuja Februari, barua tatu kwa pamoja, na baba akaita watu tena waje wasikie. Mwalimu Amoni alizigeuza kutoka Kiingereza, kwa kukohoa kohoa.

Ya kwanza ilitoka Ofisi ya Ustawi. Walishukuru kwa kupokea fomu, wakafurahi kusikia kwamba mwanafunzi hana shida, na jalada lake wamelifunga.

Ya pili ilikuwa ya Mshauri wa Wanafunzi. Alisikitika kwamba insha si kazi ya mwanafunzi, jambo ambalo lisingejulikana kama mwanafunzi asingeliandika mwenyewe kwenye ukurasa wa mwisho. Baraza la chuo limemrudisha nyumbani kwa mwaka mmoja. Alisikitika zaidi kwamba kijana hakutumia huduma za chuo, ambazo ni nyingi, na ofisi yake iko wazi kila Jumanne.

Baba alitazama mikono yake. Alikuwa amemfukuzisha mwanawe kwa desturi njema kuliko zote tulizo nazo, na hakuelewa kosa liko wapi. Nilimhurumia, na nilikuwa nimekasirika, vyote viwili kwa pamoja.

Ya tatu ilitoka kwa mhadhiri wa jiografia. Alisema amesoma insha nzima, pamoja na kesi ya mti. Angependa kujua zaidi juu ya Bwana Ikupa, aliyeandika ngwe ya mwisho, kwani hajapata kusoma maelezo ya udongo yaliyo wazi namna hiyo. Anatafuta msaidizi wa utafiti wa kilimo, na chuo kitamsomesha Kiingereza. Fomu imeambatanishwa. Bwana Yonasi alikumbuka kwamba ana safari ya kwenda kijiji cha Mpemba, akaaga.

"Bwana Ikupa," Mama Ketrina akasema, akacheka mpaka akashika nguzo.

Lwitiko alirudi mwezi wa Machi na sanduku lake. Siku ya pili alichukua jembe akaanza kulipa. Alilima kwa Mzee Ezron, akionyeshwa ule mpaka. Alilima kwa Mwalimu Amoni. Alilima kwa Bwana Yonasi, kwenye matuta marefu. Alipita kwa wote kumi, na siku ya kumi na moja akaja kwenye shamba langu la maharage.

"Leo ni zamu yako, dada," akasema. "Kaa kivulini."

"Weka jembe," nikamwambia. "Kulima najua. Mimi ngwe yangu nilikupa kwa kalamu, nirudishie kwa kalamu. Anzia darasa la tano."

Alinitazama sana. Kisha akaweka jembe chini, akaketi juu ya tuta, tukaanza na hesabu za sehemu. Alikuja na kesho yake, na keshokutwa, ingawa deni lilikuwa la siku moja.

Ile fomu ya mhadhiri tuliijaza nyumbani baada ya kanisa, baba akiwa amekaa mezani pamoja nasi. Lwitiko alinisomea maswali, nami nikajibu kwa mkono wangu. Neno Bwana nililifuta, nikaandika Bi. Swali la mwisho liliuliza kama mwombaji ana shida yoyote ambayo chuo kinapaswa kuijua.

Baba alinyoosha mkono. "Lete kalamu, hilo nalijua," akasema.

"Hapana, baba. Hii ngwe ni yangu."

Nikaandika: "Ninayo. Nilitolewa shule darasa la nne ili mdogo wangu asome."

Lwitiko alisoma kimya. Baba akamwambia asome kwa sauti, naye akasoma. Kisha baba aliivuta karatasi, akatafuta mahali pa saini ya mzazi, akatia saini chini ya maneno yangu, na hakubadili hata moja.