Pipa la Sabuni

Nina kinyaa tangu utotoni, sikatai. Nikimwona mtu anapenga kamasi halafu anashika kitasa, mlango ule nitausukuma kwa kiwiko wiki nzima. Kaka yangu alizoea kunitania kwamba nitakuja kuolewa na sabuni. Kwa hiyo mnielewe ninaposema kwamba kwa miezi minane nilikula kila usiku, saa nane na nusu, kwenye benchi moja na watu wanaokula kama wale nitakaowaeleza, na kesho yake nikarudi.

Benchi lilikuwa la wifi yangu, mke wa huyo kaka. Lilikuwa kwenye kona nyuma ya hospitali, chini ya taa ya barabarani, na wateja wake ni watu wa zamu za usiku. Alikuwepo mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi, anayetafuna mdomo wazi huku anaongea, mpaka unaijua hali ya kila tonge lake. Alikuwepo dereva wa teksi, ambaye hulamba vidole vyote vitano, kimoja baada ya kingine, kisha akavichovya kwenye kibakuli cha chumvi ya wote. Na alikuwepo nesi wa wodi ya wazazi, mikono misafi kuliko wote pale, lakini hawezi kumaliza samaki bila kusimulia yaliyomtokea kazini, na ya wodi ile si ya kusimuliwa mbele ya sahani. Walinibandika jina la Bi Kinyaa. Mimi nilikaa mwisho wa benchi, nimewapa bega, nakula haraka haraka.

Nilikula pale kwa ajili ya wifi. Kaka alianguka kutoka ghorofa ya pili akipaka rangi, nyonga ikavunjika, na tangu hapo hajashika kazi. Nyumba yao nzima ikawa inategemea karai moja la samaki, viazi na mayai. Benchi likifa, wamekwisha. Wifi alilijua hilo, mimi nililijua, na kaka alilijua kutushinda sote maana ndiye aliyeshinda kitandani akihesabu mbao za dari.

Ndipo watu wakaanza kuumwa matumbo.

Alianza mlinzi. Alikosa zamu mbili, akarudi mashavu yamebonyea.

"Afande, ulikuwa wapi?" dereva akamuuliza.

"Chooni," mlinzi akajibu, mdomo umejaa kiazi. "Siku mbili nzima. Hata mke wangu alikuwa ananisalimia kupitia mlangoni."

Wakacheka. Mimi nilisukuma sahani yangu. Lakini wiki iliyofuata dereva naye alisimamisha teksi njiani na abiria ndani, akakimbilia kichakani, na abiria akashuka akaenda zake. Wafagiaji wawili wa barabara waliokuwa wakija kila usiku wakaacha kuja, wakaonekana wananunua mkate na soda kituo cha mafuta. Nesi akaanza kumtazama wifi kwa jicho la kikazi.

"Mama, maji yako unayachemsha?" akamuuliza.

"Nayachemsha, nesi. Haki ya Mungu nayachemsha."

Usiku ule, wateja walipoondoka, wifi alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya moto kwa joto la karai.

"Wifi, wewe ndiye mwenye pua," akasema. "Nikague. Usinionee haya, nikague kama hunijui. Wakiondoka hawa, mimi na kaka yako tutakula nini?"

Nikamkagua. Nilinusa ndoo ya maji, nikafunua matamvua ya samaki, nikapitisha kucha kwenye mifereji ya ubao wa kukatia. Nilimwambia anyooshe mikono, nikamtazama kucha moja moja, mwanamke mwenye watoto watatu, naye akanyoosha. Sikuona kitu. Nilipoinama kwenye dumu la mafuta chini ya meza, akalivuta kwa mguu.

"Hayo hayana neno," akasema, na akatabasamu kidogo, tabasamu ambalo sikulielewa. "Hayo nayaamini."

Nami nikayaacha. Nilitazama chumvi badala yake, nikamwambia awe anampa kila mtu yake kwenye kipande cha karatasi. Nilijiona nimeupata ugonjwa, na dawa yake nimeitoa.

Sasa niwaambie kazi yangu. Mimi ni mkaangaji wa kuku katika mgahawa mkubwa wa barabara kuu, kuanzia jioni mpaka saa nane za usiku. Nje ya mlango wa nyuma wa jiko letu kuna pipa jeusi. Mafuta yakishakaanga siku tano mpaka yakatoa povu, tunayamwaga humo. Kila Ijumaa huja mtu mmoja na mkokoteni, tunamwita Mzee Sabuni. Anayachota kwenye madumu na kuyapeleka kwa watu wanaopika sabuni ya kufulia. Ndivyo alivyotuambia, na hatukuona sababu ya kumbishia.

Kwa kuwa ni ya sabuni, pipa lile halikuwa na heshima. Jalala liko mbali na lina mbwa. Ukiua mende jikoni kwetu, unamfagia, unamtupia pipani. Maji ya deki yakibaki nusu ndoo, pipani. Chini ya sinki kuna shimo linalozuia mafuta yasizibe bomba, na kila wiki mtu huchota humo uji wa kijivu wenye harufu ya kitu kilichokufa muda mrefu. Uji ule, pipani. Dawa ya kusugulia majiko, ile inayochubua ngozi hata kupitia glavu, ikishafanya kazi yake na kuwa nyeusi, pipani pia. Tulikuwa tukiambiana, "Si sabuni? Itajisafisha yenyewe."

Na mtumiaji mkubwa wa pipa lile nilikuwa mimi. Mtu wa kinyaa hataki uchafu ukae karibu naye hata dakika moja. Wenzangu waliacha ndoo mpaka asubuhi, mimi nilikimbia nayo. Walinisifu kwa usafi. Msimamizi alinitaja kuwa mfano mbele ya wageni wa kazi.

Jumatano ya wiki ile nilijikata kidole gumba. Plasta za jikoni kwetu ni za bluu, makusudi, ili ikidondoka kwenye chakula ionekane mara moja. Kwingine mtaani huzioni, zinaagizwa na mgahawa. Alhamisi kidonda kikatunga usaha kidogo, plasta ikalowa ikaanza kunuka. Nikatoka nje, nikaibandua kwa meno, nikaitemea pipani bila hata kuangalia inaangukia wapi. Ijumaa Mzee Sabuni akaja na mkokoteni wake. Alikuwa na haraka, alitaka kuwahi kabla mvua haijanyesha, na nguo yake ya kuchujia ilikuwa imechanika. Nilimsaidia kunyanyua dumu.

Jumamosi nilifika kwa wifi nina njaa ya kuuma. Karai lilikuwa na mafuta mapya, yanang'aa. Akanichagulia kipande cha samaki cha mgongo, kinene, kimevikwa unga vizuri. Nilimshukuru. Nikauma mara moja, mara ya pili. Mara ya tatu kitu kikakataa kutafunika.

Nilidhani ni ngozi. Nikakisukumia jino la upande, kikajikunja, kikateleza, kikanatia kwenye fizi. Nikaingiza kidole, nikakivuta. Kilitoka polepole, kirefu, kimeloa mate, na chini ya taa ya barabarani nikaona rangi yake: bluu.

Mate yalinijaa mdomoni, nikashindwa kuyameza na nikashindwa kuyatema. Nilikuwa nimetafuna usaha wangu mwenyewe. Lakini hilo, wallahi, ndilo lililokuwa dogo. Akili ilikimbia nyuma kwenye ule uji wa kijivu, na mende, na ile dawa, na nikamwona mlinzi pembeni yangu anafyonza mwiba wa samaki kwa raha zake.

"Bi Kinyaa leo umepata nini?" dereva akauliza.

"Ngoja," nikasema. Nilifumba kiganja, nikaenda nyuma ya meza, nikamsogelea wifi sikioni. "Mafuta haya unayatoa wapi?"

Akatabasamu lile tabasamu lake.

"Wifi nawe. Si unajua."

"Sijui. Niambie."

"Kwa Mzee Sabuni. Mbona umenikazia macho? Aliniambia nisikutaje, kwamba kazini wakijua unaniletea watakufukuza. Nami nimefunga mdomo miezi yote hii, hata kaka yako sijamwambia." Akageuza viazi, akashusha sauti zaidi. "Mwanzoni nilikataa, nikamwambia mafuta ya nusu bei sitaki, siwezi kujua yametoka wapi. Ndipo akaniambia yametoka kwenye mikono yako. Nikasema basi, mafuta aliyokaangia wifi yangu, mimi siulizi. Nani mtu msafi kama wewe?"

Nilitaka kumpiga kofi. Nilitaka kupiga magoti. Vyote viwili kwa wakati mmoja, na sikufanya hata kimoja. Nilifungua kiganja, nikamwonyesha. Alikitazama kitu kile, hakukielewa, kisha akatazama kidole changu gumba.

Akaelewa nusu tu. Usoni kwake niliona anatafuta jinsi ya kuniokoa.

"Imekudondoka sasa hivi," akanong'ona. "Wakiuliza, sema imekudondoka sasa hivi. Ni yako, hakuna kesi."

Ilikuwa njia nzuri. Ningecheka, ningesema jamani samahani, wangenitania wiki mbili, na benchi lingebaki. Kesho ningemletea mafuta ya dukani kimyakimya. Nilikwisha fungua mdomo kusema hivyo hivyo.

"Mama," nesi akaita kutoka kwenye benchi, anafuta mikono. "Nifungie vipande vitatu vya kubeba. Kuna mzazi wodini amejifungua jioni, hajala tangu asubuhi na hana ndugu hata mmoja. Vichovye vizuri, viwe vya moto."

Wifi akachukua vipande vitatu, akavitumbukiza karaini. Mafuta yakalia.

"Nesi, usimpelekee," nikasema.

"Kwa nini?"

Nikamtazama wifi, naye akatikisa kichwa mara moja, taratibu, ananisihi. Nilimfikiria kaka na mbao zake za dari. Kisha harufu ya karai ikanipanda puani, na safari hii niliijua. Ilikuwa ya jikoni kwetu, ya saa ile ninayotoka na ndoo.

"Mafuta haya ni ya pipa la kazini kwetu," nikasema, kwa sauti ya wote kusikia. "Mtu wa sabuni amemdanganya wifi. Yeye hajui kilichomo. Ninayejua ni mimi, maana ninayetia ni mimi."

"Kuna nini?" mlinzi akauliza. Alikuwa bado anatafuna.

Nikawaambia. Nilianza na plasta, nikaiweka mezani waione. Nikaenda kwenye mende, nikaenda kwenye maji ya deki, na nikasema sakafu yenyewe inapitiwa na viatu kutoka chooni. Nilipofika kwenye shimo la chini ya sinki mlinzi alikuwa amekwisha inama nyuma ya nguzo, anatapika, kofia yake ya kazi imeanguka kwenye matope. Dereva alitema, akatema tena, akajifuta ulimi kwa shati. Nesi hakutapika. Aliniuliza jina la ile dawa ya majiko, nikamtajia.

"Unajua ile inafanya nini tumboni?" akasema.

"Tulidhani ni ya sabuni."

"Sikukuuliza mlidhani nini."

Dereva akanigeukia. "Kwa hiyo miezi yote hii unatugeuzia bega, unatuona sisi wachafu? Eti nalamba vidole? Vidole vyangu mimi?"

Nilitegemea wamgeukie wifi, nilikwisha jipanga kusimama mbele yake. Hakuna aliyemgeukia. Mlinzi alirudi anajifuta mdomo, akamwambia, "Mama, wewe umeponzwa. Kesho weka mafuta ya dukani, tuyaone yanafunguliwa mbele yetu, tutakuja." Nesi akasema atawaambia na wale wafagiaji. Walipokaa tena kupumzika, walikaa upande wa pili wa benchi, wote watatu wamebanana, na upande wangu ukabaki mtupu.

Wifi alizima moto. Alisubiri karai lipoe, hakunitazama. Alibeba mafuta yote pamoja na dumu, akayamwaga kwenye shimo alilochimba mwenyewe kwa mwiko kando ya ukuta, akafukia. Nilitaka kumsaidia kunyanyua, akahamisha dumu mkono wa pili.

Kisha akachemsha maji. Akakusanya sahani za mlinzi, za dereva, za nesi, akaziosha kwa maji ya moto na sabuni mara mbili, akazipanga juu ya meza zikauke. Ikabaki moja, yangu. Aliishika kwa ncha za vidole viwili, akaiweka mbali na nguo yake, akavuka nayo barabara mpaka kwenye ndoo ya taka ya hospitali, akaidondosha humo, akarudi kunawa mikono.