Kuni za Wageni

Awamu ya kwanza ya vifaranga ilikufa kwa hewa ya mkaa. Umeme ulikatika, taa za joto zikazimika, jiko likaingizwa bandani na madirisha yakafungwa kuzuia upepo wa ziwa. Asubuhi nilifungua mlango nikakuta kimya. Nilichimba shimo, nikazika, nikaosha banda.

Mwanangu Pius akapiga simu kutoka Dodoma. Sina mtoto mwingine.

"Mama, inatosha. Funga nyumba uje ukae kwetu. Chumba kipo."

"Kuku wamekufa, mimi sijafa."

"Unaishi peke yako Kisesa, unaongea na kuku. Na kuku wenyewe ndio hao."

Maneno hayo yaliniuma, kwa hiyo nikamjibu haraka. "Nipe awamu moja tena. Wakifa, nakuja na mabegi yangu, hutanisikia nikilalamika. Wakipona, usiniambie tena habari ya kuhama."

"Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana."

Baada ya kukata simu nilitembea kiwanja chote, kutoka barabarani hadi nyuma kwenye mawe. Kiwanja hiki tulikinunua mimi na baba yake Pius, tukajenga chumba kimoja kimoja. Yeye amezikwa kwao, mimi nimebaki na nyumba. Nilishaamua kwamba kutoka hapa nitatolewa kwa jeneza. Kutolewa na kuku ni aibu.

Nina stashahada ya ufundi wa maji, na nimefunga mabomba ya watu hadi nilipostaafu. Nilijiuliza swali la kifundi tu. Kifaranga anahitaji joto, lakini moshi unamuua na umeme hauaminiki. Basi moto ukae nje, joto liingie ndani kwa maji, lipite chini ya sakafu.

Mjini, Pradip wa duka la mabomba alitazama orodha yangu akavua miwani.

"Mama Pius, bomba za maji ya moto zote hizi? Unajenga hoteli?"

"Nawajengea kuku."

"Kuku?" Akageuka kumwita mke wake aliyekuwa nyuma ya rafu. "Priya! Njoo usikie. Kuku wa Kisesa wanawekewa maji ya moto, mimi kwangu naoga ya baridi!"

"Hamia bandani basi," nikamwambia. "Ila utalala chini."

Walicheka mpaka mteja mwingine akacheka bila kujua kinachochekwa. Nilitoka dukani nimechangamka. Njiani kurudi niligundua kwamba tangu wiki ianze sikuwa nimeongea na mtu ana kwa ana isipokuwa mchoma mahindi.

Kazi niliifanya mwenyewe, isipokuwa zege. Chini nilishindilia moramu, ule udongo wa changarawe, juu yake nikaweka tabaka la pumba za mpunga zilizochanganywa na saruji ili joto lisizame ardhini. Kisha nikatandika wavu wa chuma, na juu ya wavu nikafunga bomba kwa waya, likienda na kurudi kama matuta ya viazi. Nililijaza maji, nikalipandisha presha, nikaliacha mpaka kesho yake. Mshale wa geji haukushuka. Hapo ndipo nilipowaita vijana wa zege. Sakafu ilipokauka juu niliimwagilia maji wiki nzima, kwa sababu zege linalowahishiwa moto hupasuka, na sakafu ikipasuka bomba nalo halina maisha.

Tangi la kuchemshia lilichomelewa na mafundi wa Nyakato, la chuma kinene, moto katikati na maji yakiuzunguka. Nililiweka nje, nyuma ya banda, upande wa chini wa mteremko, nikalijengea matofali na udongo. Maji yakipata moto hupanda yenyewe kwenda bandani, yakipoa hushuka yenyewe. Halina pampu. Juu kabisa niliweka ndoo ya chuma iliyo wazi, maji yakivimba yapate pa kwenda. Mtambo wa namna hii una sharti moja, kuni kwa kipimo. Nilijua magogo mangapi yanatosha kwa usiku, na nilijua kwamba zege likishapata joto halipoi kwa sababu tu umetaka lipoe.

Vifaranga walifika, wakatawanyika sakafuni vizuri, hapa watatu, pale watano. Kifaranga anayesikia baridi hujikusanya na wenzake. Hawa walilala wamejinyoosha kama watu wa likizo.

Jioni hizo ndipo Mzee Luhaga alipokuja.

Alikuwa rafiki wa marehemu mume wangu, ana kiwanja cha tatu kutoka kwangu. Tangu msiba aliishia kunipungia mkono barabarani. Safari hii alipita nyuma ya nyumba moja kwa moja, kiti kidogo cha miguu mitatu kwapani, gogo begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Pius. Nimeona moshi. Nikasema, kumbe kwa Baba Pius kuna shikome tena."

Shikome ni moto wa jioni uani kwa Wasukuma. Wanaume hukaa, huzungumza, hupashana habari za ng'ombe na za watu. Mjini umekufa, watu wana televisheni. Sikumwambia kwamba ule ni mtambo wa kuku. Alikuwa ameshakaa.

Alifungua mlango wa chuma wa mtambo akasukuma gogo lake ndani.

"Mzee, usiongeze kuni. Kuna kipimo."

"Mtu anakujaje motoni mikono mitupu?" Aliniangalia kama vile nimemwambia aingie kanisani na kofia. "Mimi sikulelewa hivyo, na mume wako hakulelewa hivyo."

Alipoondoka nilichomoa gogo lake kwa jembe nikalizima kwa mchanga.

Jioni iliyofuata alikuja na Machibya, fundi baiskeli. Baadaye wakaongezeka wengine wawili. Kila mmoja na kiti chake, kila mmoja na kuni zake. Walipinda mgongo kuelekea ule mlango wa chuma kama vile ni moto wa wazi. Mimi nilikuwa bandani, ukuta mmoja katikati yetu. Mwanamke haketi shikome, hilo halikuwa na haja ya kusemwa. Nilibadilisha maji ya kunywa, nikapima joto, nikasikiliza.

"Machibya, ile baiskeli ya katekista umeitengeneza?"

"Breki bado."

"Ndiyo maana Jumapili alifika kanisani kabla ya padri!"

Nilicheka peke yangu, vifaranga wakashtuka. Nyumba yangu haikuwa imesikia sauti za watu miaka mingapi sijui. Kila jioni nilimaliza kazi za bandani mapema, na kila jioni nilibaki humo humo, nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mpaka wanaume wale wakunje viti. Wakishaondoka nilitoka na jembe kutoa kuni zilizozidi. Mpango huo ulifanya kazi, kwa sababu nilikuwepo.

Siku moja chakula cha vifaranga kilipungua nikaenda mjini. Nilikawia, gari la kurudi liliharibika njiani. Nilipoingia uani jua lilikuwa linazama, na kabla sijaona kitu nilisikia ndoo ya juu inabubujika. Maji ya moto yalikuwa yanamwagika ukutani. Wanaume wale wanne walikuwa wamekaa, wanazungumza, kwa furaha kabisa. Waliwahi siku hiyo. Mlango wa mtambo haukufungika kwa wingi wa kuni.

"Karibu, Mama Pius," alisema Luhaga. "Leo tumekuwekea moto wa nguvu. Ulikuwa hupo, tukasema usizimike."

Niliangusha mfuko, nikakimbilia bandani. Vifaranga walikuwa wamejibana kwenye kuta, mabawa yameshuka, midomo wazi, wanahema. Sakafu ilichoma kupitia kandambili. Hakuna pa kukimbilia, kwa sababu joto lilikuwa chini yao pote. Nilifunga koki ya maji ya moto. Nilifungua madirisha yote. Nikaanza kuwazoa kwa mikono, kuwatia kwenye maboksi, kuwapeleka barazani.

Wanaume waliinuka. Machibya alichukua boksi.

"Tukusaidie nini?"

"Weka chini."

"Mama Pius, tulidhani..." Luhaga alianza.

"Mmenipikia kuku!" Nilipiga kelele. Sijui kama nimewahi kumpigia mtu mzima kelele namna ile. "Hii siyo shikome. Ni mtambo. Hapa si kijiweni. Ondokeni. Wote. Na msirudi."

Luhaga aliukunja uso, si kwa hasira, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Kisha akachukua kiti chake. Wengine wakachukua vyao. Walipita pembeni ya nyumba mmoja nyuma ya mwingine.

Nilitoa kuni kwa jembe, nikamwagia sakafu maji ya kisima ndoo baada ya ndoo. Waliokufa walikuwa wachache kuliko nilivyoogopa. Waliobaki niliwanywesha maji ya sukari na chumvi, nikawarudisha bandani sakafu ilipokubali mguu.

Kuanzia hapo mtambo ulifanya kazi kama ulivyokusudiwa. Magogo yangu, kipimo changu. Jioni nilibadilisha maji, nikapima joto, nikakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Nyuma ya ukuta kuni zilipasuka moja moja. Hakuna kingine kilichosikika. Nikaacha kukaa.

Nilikutana na Luhaga dukani ananunua kiberiti.

"Shikamoo."

"Marahaba. Kuku hawajambo?"

"Wanakua. Mbona hamji, mzee?"

"Ulisema tuondoke, tukaondoka."

"Nilikuwa na hasira. Njooni. Ila msiweke kuni."

Alicheka, kicheko cha adabu. "Sasa Mama Pius, nikae mbele ya moto wa mtu mikono magotini kama mgonjwa anasubiri daktari? Hapana. Siku hizi tuko kwa Machibya. Ana chombo cha moto wa maranda, unatosha." Akalipa kiberiti chake. "Wewe angalia mtambo wako. Ni mzuri. Mume wako angeusifia."

Nilitaka kumwambia kitu kingine, sikujua ni kipi. Nikanunua chumvi ambayo sikuihitaji.

Pius alikuja vifaranga walipoanza kuota manyoya ya kweli. Aliingia bandani, akavua viatu, akasimama na soksi.

"Mama! Sakafu ina joto kama mgongo wa ng'ombe."

"Usiwakanyage."

Alizunguka, akahesabu kwa macho, akainama kuangalia macho yao na miguu yao. Kisha akaenda nje kuangalia mtambo, ndoo ya juu, koki. Aliuliza maswali mazuri. Nilimjibu yote. Jioni tulikula sato, akanionyesha picha za mke wake na za nyumba, na chumba chenye pazia la bluu.

Kesho yake asubuhi alisimama mlangoni na begi.

"Mama, umeshinda. Tulikubaliana. Sitakuambia tena habari ya kuhama."

"Vizuri."

"Una uhakika uko sawa hapa?"

"Kwani nina kidonda?"

Aliniangalia. Nilijua kwamba akiuliza mara moja zaidi, mara moja tu, nitakaa chini na kumwambia kuhusu ukimya wa jioni. Lakini nimemlea mimi. Tangu akiwa mdogo nilimfundisha kwamba akiambiwa hapana asirudie kuomba.

"Sawa," alisema. "Basi kile chumba tutampa Rose, mdogo wake mke wangu. Anaanza chuo mwezi ujao."

"Mpeni. Chumba kisikae bure."

"Ndivyo nilivyofikiri na mimi."

Nilimsindikiza hadi kona ya nyumba. Barabarani alikutana na Mzee Luhaga, nikaona wanasalimiana kwa mikono miwili, mzee anamshika bega, wanasema kitu. Wakacheka wote. Nilikuwa mbali, sikusikia. Luhaga akaangalia upande wangu, akainua mkono. Nikainua wangu. Kisha wakaondoka pamoja kuelekea kituoni, mzee akiwa amebeba begi la mwanangu.

Nilirudi nyuma ya banda. Kuku wakishaota manyoya hawahitaji tena joto la chini, hilo linajulikana. Ilikuwa siku ya kuacha moto uzimike. Sikuongeza kuni. Nilifungua mlango wa chuma, nikavuta ile ndoo yangu ya kukalia, nikakaa mbele ya makaa nikiyaangalia yanavyogeuka majivu, mpaka chuma kikapoa nikaweza kukishika kwa kiganja. Halafu nikafunga mlango, nikaenda kuwapa kuku chakula.