Siku Mtani Alipopiga Magoti

Kwa kina Ratidzo mimi ni mtani, na utani wetu si wa kuchezea. Babu yangu alikuwa mtani wa babu yake, baba yangu wa baba yake, na urithi ukaniangukia mimi, Sekai, kwa kuwa kaka zangu wana aibu. Sisi ni ukoo wa nyani, wao ni simba. Nikiingia kwao nafunua masufuria bila kuomba, nakalia kiti cha mwenye nyumba, na mwenye nyumba mwenyewe, Baba Ratidzo, fundi wa sare za shule hapa Gutu, namwita simba kibogoyo mbele ya wateja wake. Akinuna, kosa ni lake. Na likitokea jambo zito ambalo mtoto wa nyumbani hathubutu kulisema, natumwa mimi nikaliseme kwa mzaha.

Mama yake Ratidzo alipofariki mwaka juzi, mimi ndiye niliyevaa kofia yake na gauni lake la kanisani, nikatembea kama yeye katikati ya waombolezaji, nikiwakaripia kwa sauti yake. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Hiyo ndiyo kazi yangu, naifanya vizuri, na sioni haya kujisifu.

Sasa Oktoba iliyopita, joto la kuchemsha ubongo, namkuta Ratidzo, binti wa nyumba, nyuma ya jiko lao anamenya karanga, kavaa sweta la mikono mirefu.

"We, sweta la nini? Unaatamia mayai?"

"Niache, Sekai."

Mtani haambiwi niache. Nikamvuta mkono kwa mzaha, sweta likapanda. Nikaona makovu, na mengine yalikuwa bado hayajawa makovu. Alikuwa anajiumiza mwenyewe, sikuhitaji kuelezwa.

"Usicheke," akasema.

Sikucheka. Nilisema upumbavu mbaya zaidi. "Una wazimu? Wenzako wanautafuta uzima, wewe unauchezea!" Akashusha sweta, akaendelea na karanga zake kana kwamba sipo. Mpaka leo nikiyakumbuka maneno yale najiona mjinga.

Kesho yake nikarudi kuomba radhi, nikaharibu kwa njia nyingine. Nilijifanya askari. Nilimfuata sokoni, nilimfuata kisimani, na akienda kuoga nilisimama mlangoni nikiimba nyimbo za kanisa ili ajue nipo. Siku ya tatu akachungulia, povu masikioni.

"Kwani mimi mfungwa? Na sauti yenyewe hiyo!"

"Naogopa, mwenzangu."

"Hata mimi naogopa. Basi njoo tuogope wote. Ila usinilinde. Kaa tu."

Nikakaa. Tulimenya karanga za kulisha jeshi. Siku nyingine alisema, siku nyingine alinyamaza, na mimi, ambaye hata jino bovu halijawahi kuninyamazisha, nikajifunza kufunga mdomo. Aliniambia kwamba kwenye mazishi alicheka kuliko wote, na tangu siku ile kila mtu alimwona jasiri, akakosa pa kulilia. Iliniuma sana. Nikamwambia imeniuma, naye akasema hakunieleza ili nilie mimi.

Kuna muuguzi hapa zahanatini ambaye kila Alhamisi huongea na watu wenye shida kama ile. Ratidzo alikubali kwenda. Lakini Alhamisi huwa kwenye cherehani dukani kwa baba yake, na hakutaka kumdanganya.

"Mwambie wewe," akasema. "Mimi nitakaa palepale. Nikianza mwenyewe ulimi utakwama. Ila akicheka, Sekai, siendi popote. Na sitamwambia mtu mwingine tena."

Hapo nikajua nimebebeshwa nini.

Tulimkuta mzee anampima mama mmoja mteja.

"Baba," nikasema, "Ratidzo anajiumiza. Anahitaji msaada."

"Nani asiyeumia akishinda na nyani?"

"Nasema kweli, Baba."

"Kweli! Mama, umesikia? Leo nyani ana kweli!"

Mteja naye akaangua kicheko. Miaka yote hiyo nilimfundisha mzee yule kwamba kila kitokacho kinywani mwangu ni cha kuchekwa, na alikuwa mwanafunzi mzuri. Ratidzo akainuka, uso umefungwa kama duka siku ya sikukuu, akaushika mlango.

Nikavua viatu. Nikapiga magoti juu ya vipande vya vitambaa, nikainamisha kichwa, nikapiga makofi ya heshima, polepole, kama mkwe mpya mbele ya baba mkwe. Nikamwamkia kwa jina la ukoo wake, kisha kwa majina ya babu zake, moja baada ya jingine, bila kukosea hata moja.

Futi ya kupimia ikamponyoka mzee mkononi.

"Sekai," akasema. Alikuwa hajawahi kuniita kwa jina langu. "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, Baba. Ndiyo maana nimekuja mapema."

Akamtazama mteja, na mteja, Mungu ambariki, akakumbuka ameacha sufuria motoni. Mzee akafunga mlango, akavuta kigoda, akaketi chini kuliko binti yake.

"Nakusikiliza, mwanangu."

Ratidzo akaeleza mwenyewe, yote. Mzee alilia bila kujificha. Kisha akauliza kama anaweza kuiona mikono yake.

"Si leo, Baba."

"Sawa. Si leo. Alhamisi duka halifunguliwi, nakupeleka mimi." Akanigeukia. "Na wewe inuka hapo, unanitisha."

"Siwezi. Miguu imekufa ganzi."

"Mwache, Baba," Ratidzo akasema huku akifuta kamasi. "Ana heshima ya miaka ishirini ya kufidia."

Tulicheka wote watatu, mimi nikiwa bado chini.

Sisemi mambo yaliisha siku ile. Alhamisi bado anakwenda, na mara mbili tangu hapo amejiumiza tena. Mara ya kwanza alinikimbilia mimi. Mara ya pili alimwambia baba yake kwanza, na mimi, mdomo wa nyumba ile, nikasikia kesho yake kama jirani wa kawaida. Nilijifanya nimenuna siku nzima.