Tandiko la Marehemu

Farasi alikuwa tayari ameweka miguu ya mbele juu ya lori pale dada mtu alipofika mbio na ndoo ya chokaa, akakamata kamba na kusema farasi hapakiwi. Dereva akazima injini. Akasema yeye ameitwa kubeba farasi. Kama kuna na ugomvi, wangemwambia mapema aje na lori kubwa zaidi.

Kaka mtu hakucheka. Wanafunzi wake walimwita Rula, kwa ile rula ya mbao aliyoichomeka kwenye buti na kuwapitishia mgongoni kila walipopanda, akiwaambia, "Nyooka, hapa si kitandani kwa mama yako." Kiwanja cha kufundishia kupanda farasi walikuwa wamerithi wawili, yeye na mdogo wake, lakini mkubwa ndiye aliyeamua mambo, na alishaamua. Farasi jike huyu amepinda. Unamwelekeza mbele, yeye anakwenda kulia kama mlevi anayetafuta ukuta. Basi aende kwa mwenye tanuri la matofali akavute mkokoteni.

Dada mtu ndiye aliyemlea yule farasi kwa chupa, mama yake alipokufa akimzaa.

"Mpande kwanza," akasema. "Mara moja tu. Akipinda, nitamsukuma mwenyewe ndani ya lori."

Rula akamwambia hana muda wa michezo. Dada akajibu kwamba wazazi wa wanafunzi hao pale langoni wanatazama, na itakuwa habari tamu wakisikia mwalimu kaogopa farasi wake mwenyewe. Hapo alimshika pabaya.

Akamwaga chokaa kutoka langoni mpaka kwenye tangi la maji, mstari mmoja mweupe. Rula akaleta tandiko la baba yao, ambalo tangu mazishi hakuna aliyeruhusiwa kulikalia ila yeye, akampanda farasi na kumtia mchakamchaka. Hawakufika nusu ya njia, kwato zikawa zimeuacha mstari. Kulia, kama kawaida.

"Umeona?" Rula akauliza, karibu kwa furaha.

"Sijaona bado. Toa miguu kwenye vikuku vya tandiko. Mikono juu, funga macho, urudi."

Ndilo zoezi alilowapa watoto wa wiki ya kwanza, angelikataa vipi? Akaacha vikuku vining'inie, akanyanyua mikono, akafumba macho. Mara dunia ikamwinamia. Kalio la kulia lilibeba kila kitu na la kushoto halikukalia kitu, kana kwamba tandiko limekatwa nusu na mtu kaondoka nayo. Alipofumbua macho alikuwa ameng'ang'ania manyoya ya shingo, na yuko upande. Dereva akamshauri ashike vizuri.

Akashuka. Dada akafungua mkanda, akalipindua tandiko juu ya uzio. Sufi ya ndani, upande wa kulia, ilikuwa imelala bapa kama soli ya kiatu kilichozunguka nchi. Ya kushoto ilikuwa bado imejaa. Mgongo wa farasi nao ulikuwa umelowa jasho kulia, na kushoto una vumbi.

"Hivi ndivyo alivyokaa baba," Rula akasema.

Na ni kweli. Utoto wake wote alipanda nyuma ya baba yake, akauiga mgongo ule bega kwa bega, mpaka watu wakiwaona kwa mbali hawajui yupi ni yupi. Katika maisha yake hakupata sifa kubwa kuliko hiyo.

Mama yao alikuwa dirishani jikoni, kisu mkononi. "Baba yenu alikuwa na nyonga mbovu ya kushoto," akasema. "Farasi alimwangukia kabla hamjazaliwa. Alikaa hivyo ili asilie."

Rula akamuuliza kwa nini hakusema miaka yote hiyo. Mama akajibu kwamba marehemu alimwapisha. Mwalimu aliyepinda hapati wanafunzi. Tena yeye mama alidhani watoto wake wana macho.

Dada mtu angeweza kuishia hapo. Yeye mwenyewe aliwahi kuwa na ulemavu uleule wa kuazima. Aliugundua siku moja akipita juu ya farasi mbele ya kioo cha duka, akatumia msimu mzima wa mvua kupanda bila tandiko mpaka ukamtoka. Angemweleza kaka yake hayo pembeni, taratibu. Badala yake akaichomoa rula kwenye buti la kaka yake, akampitishia mgongoni mbele ya wazazi wote.

"Nyooka, kaka. Hapa si kitandani kwa mama."

Pale langoni wakacheka. Mama akafunga dirisha.

Rula alikuwa ameshika shingo ya farasi, na sekunde chache kabla ya hapo alikwisha kujua kwamba mnyama ni mzima na atabaki. Akaiachia ile shingo.

"Mpakie," akamwambia dereva.

"Hajapinda," dada akasema.

"Najua. Mpakie."

Dada aliingia nyuma ya lori pamoja na farasi, na nguo zake akazifuata baadaye wakati kaka yake hayupo.

Farasi alivuta matofali mpaka uzee, katikati ya barabara, bila kwenda kulia wala kushoto. Dada mtu aliajiriwa palepale tanurini kutunza wanyama, na hakupanda tena. Mama alikufa, walimzika wakiwa wamesimama pande mbili za kaburi, wakaondoka kwa njia mbili. Tandiko lilirudishwa kwenye msumari wake, sufi haikubadilishwa. Rula anafundisha mpaka leo. Kwenye mashindano waamuzi huwatambua wanafunzi wake kwa mbali, kabla hawajaona namba zao: wote wamelalia kulia.