Sufu ya Upande wa Kushoto

Heledd alimleta farasi wao Eirin kwenye karakana yangu ya matandiko wiki saba baada ya kumzika baba yake, Ithel. Alitembea naye kutoka shambani kwao, ng'ambo ya mji wa Tregaron, tandiko la mzee akilibeba begani.

"Farasi anatembea mtupu, mzigo umebeba wewe?" nilimtania.

"Nikimtandika ananuna, fundi. Jana nusura aning'ate. Kwa baba hakuwahi."

Eirin ni kobu, farasi wa kazi wa milima yetu: mfupi, kifua kipana, mgongo kama meza. Matandiko ya dukani humtelezea mpaka tumboni. Mablanketi nayo ni taabu. Likimtosha kifuani, nyuma linaburuzika. Alilovaa siku ile, Ithel mwenyewe alikuwa amelipasua mabegani akashonea vipande vya turubai. Mishono ya mkulima, lakini lilimkaa.

"Mwangalie farasi utakavyo," Heledd alisema, "ila tandiko usiliguse. Agosti nampanda kwenye maonyesho ya farasi, mahali pa baba, juu ya tandiko la baba."

Nilimvua Eirin blanketi. Nikaulaza waya wangu laini mgongoni, nyuma ya mabega, nikaukandamiza ushike umbo, kisha nikauchora kwenye karatasi na kuandika tarehe. Kila farasi humpima hivyo kila mwaka, majani yanapoanza kuota. Karatasi za Eirin zilikuwa tano tayari.

Kila mwaka Ithel aliniambia neno lilelile kuhusu tandiko lake, ambalo chini limejazwa sufu: "Linazama kushoto, Idwal. Ongeza sufu."

Nami nikiongeza, mwaka unaofuata linazama tena.

"Farasi wako amepinda," nilimwambia safari moja.

"Anamwiga bwana wake," akanijibu, tukacheka.

Kosa langu ni kwamba karatasi zile niliziweka tu. Sikuwahi kuzipanga moja juu ya nyingine. Siku ile nilizishika zote sita kwenye kioo cha dirisha. Mstari wa mwaka wa kwanza ulikuwa sawa pande zote mbili. Wa pili ulianza kubonyea kushoto, na kila mwaka ukabonyea zaidi.

Heledd alisogea akatazama. Hakuhitaji kuelezwa.

"Nyonga iliyokuwa inamuuma baba ni ya kulia," alisema. "Alikuwa anaikwepa."

"Uzito wote akautupa kushoto. Nami nikajaza sufu palepale, ikamfinya farasi, nyama zikaisha."

Akaweka kidole kwenye tarehe ya karatasi ya pili. "Alituambia maumivu yameanza Januari hii. Hii ni miaka minne, fundi."

Nilizishusha karatasi kutoka kwenye kioo.

"Nilikuwa namuuliza, 'Baba, mbona unashuka polepole hivyo?' Ananiambia, 'Farasi mpana, miguu mifupi, ungetaka niruke?' Nami nacheka kama mjinga."

Nilimgusa Eirin pale palipobonyea. Akadidimiza mgongo, akakunja masikio. Heledd akagusa mwenyewe, kwa vidole viwili tu.

"Likibaki alivyoliacha?"

"Litazidi kumuumiza."

"Na ukilisawazisha?"

"Nitatoa sufu yote nijaze upya. Naye apumzike bila kupandwa mpaka majani yaanze kupukutika."

"Basi Agosti hakuna."

"Hakuna, binti yangu."

Alipitisha kiganja juu ya kikalio cha tandiko, mahali ngozi ilipolika kwa upande mmoja. Kisha akasema, "Toa."

Nilikata uzi wa kwanza mbele yake. Sufu ya miaka yote ile ilitoka mabonge yaliyogandamana, magumu kama mawe ya mtoni. Alitazama la kwanza na la pili. La tatu akageuka, akaenda kumvika Eirin blanketi.

Alipofika kwenye mishono ya turubai mikono yake ilisimama.

"Na hili?" aliniuliza, bila kunitazama. "Hili nalo lina kosa?"

Nililipima. Nilipitisha mkono chini yake begani, kifuani, mpaka mkiani, polepole kuliko nilivyohitaji.

"Halina," nilimwambia. "Hilo linamtosha kabisa."

Akafunga vishikizo, akamwongoza farasi barabarani, wakaondoka mvua ikianza.