Vibakuli vya Dada

Fundi rangi alikuwa mwanamke wa shoka, hakuna asiyejua. Lakini magoti yalipoanza kumlilia kila akipanda ngazi, msimamizi alimteremsha akampa mageti na kuta za chini, na wenzake kazini wakambandika jina la Tangi. Alicheka nao, kisha akaenda kulia chooni.

Akaamua kupungua uzito. Alikuwa akiishi na dada yake mkubwa, mpishi wa mkahawa, katika nyumba waliyoachiwa na wazazi. Dada akadakia kabla hajamaliza kusema: "Tutapungua sote, mdogo wangu. Mmoja akianguka, mwenzake amwinue."

Wakapungua kweli. Fundi akarudi kwenye dari zake, anapaka huku anaimba, na jina la Tangi likafa kifo chake. Dada, yeye, mikate ya mkahawani ilimshinda. Kilo alizozifukuza mlangoni zilirudi kupitia dirishani.

Daktari alikuwa amemwonya fundi kwamba kupungua ni nusu ya safari. Kubaki hapo ulipofika ndiyo kazi. Apime chakula: wali kiasi cha ngumi, nyama kiasi cha kiganja, mboga zijaze nusu ya chombo, basi. Dada akajitolea. Kila Jumapili alipika, akapima, akafunga vibakuli vya mfuniko na kuvipanga kwenye friji. Fundi alikula kimoja mchana na kimoja jioni, na katikati hakutia kitu kinywani.

Hata hivyo overoli ikaanza kumbana.

"Labda unadokoa bila kujijua," dada alimwambia kwa upole, akimpapasa mgongo. "Damu yetu ndivyo ilivyo. Usijichukie."

Fundi akajichukia. Akaacha kibakuli cha jioni, akawa analalia maji. Siku moja kizunguzungu kikamkamata juu ya ngazi, akaponea chupuchupu kwa kung'ang'ania fremu ya dirisha. Hakumwambia mtu ila dada. Dada alimkumbatia akalia kwa kwikwi, na Jumapili iliyofuata akapika kama kawaida.

Jumapili hiyo fundi alikuwa ameitwa kumalizia ofisi fulani. Rangi ikamwishia, akarudi nyumbani mapema. Jikoni redio ilikuwa juu, dada hakumsikia. Alikuwa ameinamia vibakuli, anachota siagi kwa kijiko cha kulia, anaizamisha ndani ya wali wa moto, kisha anaongeza wali mwingine na kuushindilia kwa mgongo wa mwiko.

"Dada, hivyo ni vya nani?"

Mwiko ukaanguka. "Vyako... kidogo tu, visikauke."

"Tangu lini?"

Dada akazima redio. "Tangu ulipovaa lile gauni jeusi lililokuwa halikuenei. Ulinipita hapo mlangoni hata hukuniangalia. Nikaona nimeachwa."

"Ulikuwa unaona ninalala na njaa."

"Niliona."

"Nilikuambia nusura nianguke. Ukalia!"

"Nililia kweli, mdogo wangu. Haki ya Mungu."

Hapo ndipo fundi alipokatika maini. Angeweza kuvumilia machozi ya uongo. Lakini yale yalikuwa ya kweli, na bado mkono haukusita. Miezi yote hiyo alikuwa amejiita mlafi, mwizi wa chakula chake mwenyewe, na aliyejua ukweli alikuwa akimpapasa mgongo. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Chake kilivaa aproni.

Fundi alibeba sufuria moja na jiko dogo akaingia navyo chumbani kwake. Wali wake wa kwanza uliungua chini ukabaki mbichi juu. Akaula hivyo hivyo, kiasi cha ngumi.

Uzito ulishuka polepole, overoli ikalegea. Bado wanaishi nyumba moja, wanasalimiana, wanauguzana. Dada ameomba radhi hata maneno yamemwishia, na fundi amemjibu kwamba amesamehe. Lakini chakula cha mkono ule hakili. Hata chai, humimina mwenyewe.